Thomas Stevens, mwendesha baiskeli aliyejua kuisubiri baridi

Alfajiri ya msimu wa senene hapa Hamugembe, ukungu wa ziwani huwa bado umelala juu ya migomba wakati baiskeli za kwanza zinapoingia mjini. Zinatoka vijijini zikiwa na mikungu ya ndizi kwenye keria, au madumu, au gunia la mkaa lililofungwa kwa mpira. Wengi wa wenye baiskeli hizo hawajazipanda, wanazisukuma. Mvua inatiririka kwenye kofia zao, vidole vimekakamaa juu ya usukani, na anayekutana nao huwapa pole ya baridi kabla ya salamu nyingine.

Kwetu Kagera, mtu akionekana juu ya baiskeli saa kumi na mbili asubuhi huku mvua ikinyesha, hakuna anayeuliza kama anajifurahisha. Lazima kuna mzigo, kuna mgonjwa, au kuna soko. Wazo la kutoka nyumbani kwenye joto la moto, kupanda baiskeli na kuzunguka mashambani katika ubaridi bila kubeba chochote, kwa ajili ya kuona tu nchi ilivyo, wengi watalicheka. Hata hivyo, wako watu duniani wanaofanya hivyo kila wiki, na wapo waliofanya hivyo tangu baiskeli ilipokuwa chombo kipya kabisa. Aliyefika mbali kuliko wote wa zama zake aliitwa Thomas Stevens. Alikuwa mtu wa kwanza kuuzunguka ulimwengu kwa baiskeli, na miaka miwili baada ya kuimaliza safari hiyo alikuja Zanzibar na bara, akawatafuta watu ambao walikuwa wamepita huku kwetu Karagwe na kando ya Ziwa Burigi. Tutafika huko. Kwanza tumwone alivyoanza.

Alizaliwa tarehe 24 Desemba 1854, mkesha wa Krismasi, katika mji mdogo wa Berkhamsted nchini Uingereza. Akiwa kijana alivuka bahari kwenda Marekani kutafuta maisha, kama vijana wa huku wanavyokwenda Mwanza au Dar es Salaam. Alifanya kazi za mikono katika nchi za magharibi ya Marekani: kwenye kiwanda cha reli huko Wyoming, kisha kwenye machimbo ya Colorado. Hakuwa mwanamichezo na hakuwa tajiri. Hata baiskeli alikuwa hajui kuiendesha wakati alipoanza kuwaza kuvuka bara zima la Marekani juu yake. Alikwenda San Francisco, akanunua moja, akajifunza katika bustani kubwa ya mji huo iitwayo Golden Gate.

Ni vizuri tueleze baiskeli hiyo ilivyokuwa, kwa sababu msomaji akifikiria Phoenix au Raleigh atakosea, na hataelewa kwa nini baridi na mvua vilikuwa adui mkubwa kwake. Gurudumu la mbele lilikuwa na kipenyo cha sentimita 127, yaani likisimamishwa linamfika mtu mzima kifuani. La nyuma lilikuwa dogo kama ungo. Mwendeshaji alikaa juu kabisa ya gurudumu kubwa, miguu ikining'inia pande mbili. Cheni haikuwepo. Pedeli zilifungwa moja kwa moja kwenye ekseli ya mbele, kwa hiyo gurudumu likizunguka pedeli nazo zinazunguka, upende usipende. Tairi lilikuwa mpira mgumu usiojazwa upepo, na kila jiwe lilipanda mwilini hadi kwenye meno. Breki ilikuwa kijiko cha chuma kinachokandamiza tairi la mbele. Ukiikamata kwa nguvu, au ukigonga jiwe, gurudumu linasimama na wewe unaendelea, kichwa kikitangulia. Stevens alianguka hivyo mara nyingi sana hata akaacha kushangaa.

Sasa weka chombo hicho kwenye mvua. Mpira uliolowa unateleza chini ya kijiko, breki haishiki. Tope linanata kwenye gurudumu kubwa na kulifanya zito mara mbili. Mwendeshaji yuko juu hewani, hana kitu cha kumkinga na upepo. Akipanda kilima anatoka jasho; akishuka, upepo unalipoza jasho lile lile na nguo zinakuwa kama zimetolewa kisimani. Hilo wanalijua vizuri vijana wetu wanaoshuka kuelekea mjini baada ya kuhangaika kupandisha: baridi mbaya haimkuti mtu kwenye mwinuko, inamkuta kwenye mteremko. Mikono ndiyo inayoanza kufa ganzi, kwa kuwa imeshika chuma na haitikisiki. Na mkono uliokufa ganzi haupimi breki.

Baiskeli kama hiyo ilikuwa kitu cha wenye nafasi. Iliuzwa kwa zaidi ya dola 100 wakati ambapo kibarua angehitaji miezi kadhaa kuzipata bila kula. Walioinunua walikuwa vijana wa mijini waliounda klabu, wakavaa sare, wakatoka Jumapili kwenda mashambani kula hewa. Kwa hiyo Stevens, mtoto wa watu wa kawaida aliyetoka machimboni, alichukua kifaa cha starehe cha matajiri na kukipeleka mahali ambapo hakuna tajiri aliyethubutu kukipeleka.

Aliondoka San Francisco tarehe 22 Aprili 1884, saa mbili asubuhi. Mizigo yake ilikuwa michache kuliko ya mtu anayekwenda kulala msibani: soksi, shati moja la akiba, koti la mvua na bastola. Koti hilo lilikuwa nguo, hema na blanketi kwa pamoja. Kamba, chungu, chakula cha siku tatu, hakuna.

Kosa lake la kwanza lilikuwa majira. Aprili huku kwetu ni masika; huko California pia mvua zilikuwa hazijaisha, na mabonde yalikuwa yamefurika. Barabara zilizama. Ilimbidi apande juu ya tuta la reli na kupiga tafrani ya kurukaruka kutoka taruma hadi taruma, baiskeli ikitikisika kama ungo unaopepeta. Halafu ikaja milima ya Sierra Nevada, na juu ya milima ile theluji ilikuwa bado haijayeyuka.

Wengi wetu theluji tumeiona kwa mbali tu, kwenye picha ya Kilimanjaro. Kule Sierra Nevada inaanguka kwa wingi kiasi kwamba kampuni ya reli ilijenga mapaa ya mbao juu ya njia yake, kilomita kwa kilomita, ili treni isifukiwe. Kwa nje mapaa hayo yalifanana na banda refu lisilo na mwisho. Ndani yalikuwa na giza, moshi wa makaa ya mawe na maji yanayodondoka. Njia nyingine ya kuvuka ilikuwa imezikwa, kwa hiyo Stevens aliingia humo na baiskeli yake, akaisukuma gizani. Treni ilipokuja alisikia mngurumo kabla ya kuona taa. Alijibana ukutani, akaibana baiskeli naye, akashikilia pumzi mpaka mabehewa yapite. Baadaye, upande wa pili wa milima, alikutwa na treni akiwa katikati ya daraja la reli. Akaning'inia pembeni, mkono mmoja ukishika boriti na mwingine ukishika baiskeli iliyokuwa ikielea juu ya korongo.

Tunalisimulia hilo kwa kirefu kwa sababu linaonyesha jambo ambalo wanaomsifu Stevens hulisahau. Mtu huyu anayeitwa mwendesha baiskeli mkuu alitembea kwa miguu zaidi ya theluthi moja ya njia yake ya Marekani. Alisukuma. Alibeba. Alipofika kwenye theluji, hakujidai kwamba gurudumu lake linaweza kuishinda. Wale wanaoingia Hamugembe asubuhi wakisukuma mikungu ya ndizi wangemtambua mara moja kuwa mwenzao, ingawa wangemshangaa kwa kutobeba kitu.

Kiangazi kilipoingia mambo yalikuwa mepesi zaidi. Akavuka jangwa la Nevada, milima ya Rocky na nchi tambarare za mahindi. Alikula na kulala kwa wachunga ng'ombe, wafanyakazi wa reli na wakulima. Tarehe 4 Agosti 1884 aliingia Boston, kwenye pwani ya mashariki, akiwa amekamilisha takriban kilomita 6,000. Hakuna aliyewahi kuvuka bara hilo kwa baiskeli kabla yake.

Tungetegemea kijana aliyelewa ushindi apande meli wiki inayofuata. Stevens hakufanya hivyo. Vuli ya Ulaya ilikuwa inakaribia, na nyuma yake majira ya baridi. Alikaa New York msimu wote wa baridi wa 1884 hadi 1885, akaandika habari za safari yake katika jarida la Outing, lililokuwa likisomwa na wapenda michezo ya nje. Jarida likakubali kumlipa aendelee kuandika. Mwenye kiwanda cha baiskeli za Columbia, Albert Pope, akampa baiskeli mpya yenye kung'aa. Hapa tuseme wazi: kuanzia hapo safari haikuwa starehe tupu. Pope alikuwa anauza baiskeli, na kila ukurasa alioandika Stevens ulikuwa tangazo. Lakini aliyelipwa ndiye huyo huyo aliyekuwa amekwisha kuvuka Marekani bila kulipwa na mtu. Sisi hatuoni kwamba malipo yaliiharibu safari. Yalimpa chakula tu.

Aprili 1885 alipanda meli, na mwanzoni mwa Mei alianza kuendesha kutoka Liverpool. Mamia ya watu walikuja kumwona akiondoka mbele ya kanisa la Edge Hill, na waendesha baiskeli wa klabu za huko wakamsindikiza. Hii ilikuwa nchi ya klabu hasa. Barabara za Uingereza zilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuziona, mashamba yalikuwa ya kijani, manyunyu yakinyesha mara kwa mara, na watu walikuwa wamezoea kuona vijana wenye baiskeli wakipita vijijini hata siku za ubaridi. Njia yake ilipita Berkhamsted, mji alikozaliwa. Alikuwa ameondoka kijana asiye na kitu. Alirudi akiwa juu ya gurudumu, watoto wakimkimbilia nyuma.

Ulaya tuipite haraka, kama alivyoipita yeye: Ufaransa, Ujerumani, Vienna, Budapest, Belgrade, Sofia, hadi Constantinople, ambayo leo ni Istanbul. Alipumzika hapo wakati wa joto kali, akanunua vipuri, kisha akaingia Asia. Huko hakuna aliyewahi kuona chombo kama chake. Kila kijiji kilimtaka aendeshe ili watu watazame, hata akiwa hoi kwa uchovu, hata usiku. Alikuwa na hasira za haraka, na si mara moja alichomoa bastola pale ambapo subira ingetosha. Kitabu chake kimejaa dharau kwa watu wa Asia waliomlaza na kumlisha. Tukiyasoma maneno yale leo tunakunja uso. Huku akiwadharau, alikuwa akiota moto wao.

Mwishoni mwa Septemba 1885 aliingia Tehran, mji mkuu wa Uajemi, nchi ambayo leo ni Iran. Na hapo akasimama tena.

Mtu akitazama ramani anaweza kufikiri alikuwa mvivu. Tehran iko kwenye kimo kisichotofautiana sana na cha Bukoba, mita elfu moja na mia na ushee juu ya bahari. Lakini sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, na ziwa letu linatunza joto, ndiyo maana alfajiri yetu ya baridi kabisa huishia kwenye nyuzi 15 au 16 hivi. Tehran iko mbali kaskazini. Miezi ya Desemba na Januari theluji huanguka, na nyanda za juu zinazoelekea mashariki huwa tope, barafu na upepo usio na kizuizi. Kwa gurudumu lile la mpira mgumu, nchi hiyo ilikuwa ukuta.

Kwa hiyo alisubiri zaidi ya miezi mitano. Alikaa na Wazungu waliokuwa wakiishi mjini, akajifunza maneno ya Kiajemi, akaandika. Mfalme wa Uajemi, Shah Naser al-Din, alisikia habari za mtu anayepanda gurudumu, akataka kumwona. Stevens akaendesha mbele yake na msafara wake kwenye barabara ya nje ya mji kuelekea kasri la mashambani, farasi wakishtuka na watumishi wakikimbia pembeni. Ni moja ya matembezi machache ya baiskeli katika hewa ya baridi aliyoyafanya bila haraka ya kwenda popote.

Tunafikiri miezi hiyo mitano ndiyo iliyomfanya afanikiwe. Wako wasafiri waliofia njiani kwa kuuawa na majira, si na watu. Walikuwa na ahadi za kutimiza, wakatembea siku ambayo mwenyeji yeyote angewaambia wakae ndani. Stevens, pamoja na kiburi chake chote, alikubali kuambiwa na wenyeji kwamba njia imefungwa.

Tarehe 10 Machi 1886 aliondoka. Hata hivyo alikuwa amewahi mno. Njia ya mahujaji kwenda Mashhad ilimpokea kwa mvua, theluji na tope la chumvi lililonata kama ugali uliokosa moto. Siku nyingine alisukuma tangu asubuhi na kupata kilomita chache tu. Kando ya njia kulikuwa na vituo vya posta, nyumba za udongo ambako wajumbe walibadilisha farasi, na humo ndimo alimolala. Kuni zilikuwa haba katika nchi ile isiyo na miti. Moto wa vijiti uliwaka kidogo ukafa, na koti la mvua lililolowa ndilo lilikuwa blanketi. Mahujaji waliotembea kwa miguu na punda walijibanza pamoja naye. Wao walikuwa wanakwenda kusali. Yeye alikuwa anakwenda kwa sababu ambayo hakuweza kuwaeleza vizuri, na hapo ndipo msomaji wa Kagera anapoweza kuwahurumia wale mahujaji: mgeni amefika, amelowa, anatetemeka, hana mzigo, hana mgonjwa, haendi sokoni.

Alitaka kupita Urusi na Siberia, Warusi wakamkatalia. Akajaribu Afghanistan bila ruhusa, akakamatwa na kurudishwa. Ikabidi azunguke nyuma hadi Constantinople, apande meli kwenda India, na kuendesha kutoka Lahore hadi Calcutta katika joto ambalo lilimfanya akumbuke theluji kwa mapenzi. Kusini mwa China alirushiwa mawe na umati wenye hasira na nusura apoteze maisha. Kisha Japani, iliyomfurahisha kuliko nchi nyingine za Asia. Aliiendesha mwezi wa Novemba na Desemba, hewa ikiwa kali na safi, njia zikiwa nzuri, na nyumba za wageni zikiwa na maji ya moto ya kuoga kila jioni. Kwa mtu aliyelala kwenye vituo vile vya Uajemi, maji ya moto mwisho wa siku ya baridi yalikuwa zawadi kubwa kuliko sifa. Tarehe 17 Desemba 1886 alifika Yokohama. Alikuwa ameendesha, kusukuma na kubeba baiskeli kwa takriban kilomita 21,700.

Na hapa ndipo maisha yake yanapoisogelea nchi yetu.

Mwaka 1887 Henry Morton Stanley aliingia Afrika ya kati kumtafuta Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana wa jimbo la Equatoria, kusini mwa Sudan, na aliyekatwa na vita vya Mahdi. Muda ukapita bila habari. Magazeti yaliyojua faida ya habari za Stanley yakaanza kumtafuta mtafutaji. Gazeti la New York World likamchagua Stevens, mtu aliyekwisha kuonyesha kwamba anaweza kulala popote. Mwaka 1889 alifika Zanzibar, akaajiri wapagazi, akaenda hadi maeneo ya Kilimanjaro na nchi ya Wamasai. Safari hii alikwenda kwa miguu. Yule aliyejibana gizani ili avuke theluji ya Sierra Nevada sasa aliiona theluji ikiwa juu angani, yeye akiwa chini kwenye jua la nyika.

Wakati huo huo, Stanley na Emin walikuwa wanashuka upande wetu. Julai na Agosti 1889 msafara wao ulivuka mto Kagera, ukapita Karagwe, ukafuata Ziwa Burigi ambalo wakazi wa Muleba wanalijua, ukaendelea kusini ya ziwa kuu hadi pwani. Walikuwa mamia ya watu, wengi wagonjwa, waliotoka kwenye misitu na milima ya baridi wakiwa na nguo zilizochanika. Mwisho wa mwaka huo, siku chache kabla msafara haujaingia Bagamoyo, Stevens alikutana nao mahali panapoitwa Msuwa. Aliwafikia kabla ya mwandishi wa gazeti shindani. Msafara ukaingia Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889.

Emin hakurudi Ulaya. Mwaka uliofuata aligeuka na kurudi bara akiwa katika utumishi wa Wajerumani, na Novemba 1890, katika msimu kama huu wa mvua, alianzisha kituo kando ya ziwa. Kituo hicho ndicho Bukoba. Basi mtu wa kwanza kuuzunguka ulimwengu kwa baiskeli aliwahi kukaa na kuzungumza na mtu ambaye baada ya mwaka mmoja tu angeanzisha mji ambao baiskeli zetu zinauingia kila asubuhi. Stevens mwenyewe hakufika huku. Tunajiuliza angeionaje barabara ya Kemondo hadi Muleba wakati wa vuli akiwa na gurudumu lake kubwa. Angesukuma, bila shaka, na kwenye mlango wa kwanza wenye moto angepewa kahawa ya kutafuna.

Wakati ule, chombo chake kilikuwa tayari kimezeeka. Mwaka 1885, yeye akiwa njiani Asia, John Kemp Starley wa Coventry alikuwa ameanza kuuza baiskeli yenye magurudumu mawili yanayolingana, yenye cheni inayozungusha la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akaleta tairi la upepo. Ndani ya miaka michache hakuna aliyetaka tena kukaa juu ya gurudumu la sentimita 127. Baiskeli zote zinazoshuka Hamugembe ni wajukuu wa ile ya Starley. Miguu inafika chini mtu akiteleza kwenye tope, breki zinashika pande mbili, na juu ya keria kuna nafasi ya mkungu. Kila mtu anayeendesha leo kwenye mvua ana usalama ambao Stevens hakuwa nao.

Baada ya Afrika alifunga safari nyingine, akapanda farasi kutoka Moscow hadi Bahari Nyeusi mwaka 1890, na kuandika kitabu juu yake. Kisha akatulia. Alirudi Uingereza, akaoa mjane aliyekuwa mama wa waigizaji wawili mashuhuri wa London, Irene na Violet Vanbrugh, na kwa miaka mingi akasimamia hesabu na shughuli za ukumbi wa maigizo wa Garrick. Mtu aliyekuwa akilala chini ya koti la mvua sasa alikaa ofisini, akiuza tiketi kwa watu waliokuja kutafuta burudani kwenye viti vya joto wakati London ikinyeshewa nje. Alifariki mjini humo Januari 1935, katikati ya majira ya baridi, akiwa na umri wa miaka 80.

Baiskeli aliyozungukia dunia ilihifadhiwa na kampuni ya Pope kwa miaka mingi. Vita Kuu ya Pili ilipokuja na chuma kikawa haba, ilitolewa pamoja na vyuma chakavu vingine, ikayeyushwa.